Ukuta Mweupe Usiumeze Uso

Ndugu wasikilizaji, anayeomba viza ya Marekani hutakiwa kupeleka picha ya mraba, milimita 51 kwa 51, na nyuma yake pawe peupe au karibu na peupe. Ni sharti dogo kulisikia. Lakini ni wangapi wamelipa fedha zao studio, wakakabidhiwa picha ambayo ukuta unang'aa na uso ni kivuli kitupu, macho hayaonekani wala pua haijulikani inapoishia? Mwenye picha akiuliza, hujibiwa kwamba ngozi yake ni nyeusi mno. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Leo tukitazame kisingizio hicho, maana kina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita Tabora.

Tabora ya karne ya 19, ambayo wageni waliiandika kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Msafara ulitoka Bagamoyo ukafika hapo, kisha njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kupanda Karagwe hadi Buganda. Fedha ya njia hiyo ilikuwa ushanga, waya na nguo. Nguo iliyovuma sana ni merikani, pamba nyeupe iliyofumwa huko Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, kisha ikabebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Tuiweke akilini nguo hiyo, tutairudia.

Mwaka 1860 James Grant, aliyekuwa akisafiri na mwenzake Speke, alifika Unguja na kamera, akapiga picha kadhaa mjini. Kamera ya siku hizo haikuwa mchezo. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na kikasafishwa kabla ya kukauka, yote hayo ndani ya hema la giza. Speke aliona kuwa joto la hema lile litamwua mwenzake, na kazi ya kamera ikaachwa. Grant akashika penseli na rangi. Walipoingia Kazeh Januari 1861, watu na nyumba za huko zikachorwa kwa mkono.

Lakini hata kama kamera ingefika, isingewatendea haki wenyeji. Dawa ile ya kioo ilikuwa na upungufu mkubwa: iliona vizuri rangi ya buluu, lakini nyekundu na njano iliziona kwa shida. Kwa hiyo anga la buluu lilitoka jeupe kama karatasi, na uso wa rangi ya udongo ukatoka mweusi kuliko ulivyo. Hivyo basi, picha ya mtu mweusi mbele ya weupe mtupu ilikuwapo kabla ya taa za umeme, na weusi uliozidi haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa dawa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba rangi maalumu zikichanganywa na dawa, kioo huanza kuona zaidi. Ilipofika mwaka 1906, vioo vinavyoona rangi zote vikaanza kuuzwa Uingereza.

Wakati huo huo, nyuma ya mtu palikuwa pamepata kazi nyingine. Mwaka 1871, Unyanyembe, Stanley alikabidhiwa mtoto mtumwa, akamwita Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto huyo alikuwa London, amesimamishwa studio pamoja na Stanley, wamevaa kama watu walio safarini Afrika. Picha hizo ziliuzwa. Mnunuzi alioneshwa safari ambayo hapo studio haikuwapo, na mtoto akawa sehemu ya mapambo ya safari hiyo. Kalulu alikufa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa na Stanley yule yule.

Ukuta mweupe ni kinyume cha mapambo hayo. Hauna pori wala kasri. Umemwondolea mtu mahali, ukamwacha na uso wake peke yake ujieleze. Sasa uso nao ukinyimwa mwanga, kimebaki nini?

Filamu za rangi nazo zilikuja na upendeleo wake. Kwa miaka mingi maabara zilizotumia bidhaa za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyingine zilijitegemea.

Leo kamera zimebadilika, ila kosa moja limebaki. Kamera inayojipimia yenyewe hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu. Ikiona ukuta mweupe mpana, huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Ukuta unageuka kijivu na uso unageuka mkaa. Fundi asiyejua huongeza taa ukutani, na kamera ikapunguza tena.

Fundi anayejua hutenganisha kazi mbili. Mteja hukaa mita mbili au zaidi kutoka ukutani, kivuli chake kisiuguse. Taa mbili, moja kila upande, humulika ukuta tu. Taa nyingine, iliyolainishwa kwa mwavuli, ni ya uso. Kipimo hushikwa usoni, kipime mwanga unaomwangukia mtu, si ule unaorudi kutoka ukutani. Ukuta upewe mwanga kama mara mbili ya ule wa uso, basi. Ukizidi sana, weupe hurudi mbele na kula kingo za masikio na mashavu.

Hapa ndipo merikani inapotufunza. Nguo ile haikuwa nyeupe pe, kwani haikutiwa dawa ya kung'arisha. Hata hivyo ikipewa mwanga wa kutosha, katika picha itatoka nyeupe. Na shuka jeupe kabisa likinyimwa mwanga litatoka kijivu. Weupe wa picha ni kazi ya mwanga kuliko ya kitambaa. Wala asitokee wa kusema hana umeme. Mmarekani Richard Avedon, kati ya mwaka 1979 na 1984, aliwapiga picha wachimba migodi na vibarua wa magharibi ya nchi yake mbele ya karatasi nyeupe iliyotundikwa nje, kivulini. Shuka lililopigwa pasi, kivuli cha mwembe, na shuka la pili mbele ya mteja la kurudisha mwanga usoni: kazi imekamilika.

Ndugu wasikilizaji, picha hiyo ndogo si ya viza tu. Mara nyingi ndiyo pekee iliyopo nyumbani, na siku ya msiba ndiyo inayokuzwa na kuwekwa kando ya jeneza. Kwa hiyo ukikabidhiwa picha yako, kabla ya kulipa, usitazame ukuta. Yatazame macho. Ikiwa hayaonekani, mrudishie fundi, umwombe kwa adabu apime upya.

Hadi juma lijalo, kwaherini.