Barua ya Boyoma na Vijiti vya Lontulu

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Bruxelles, wajumbe wa mataifa makubwa walitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika. Mwenyeji wao alikuwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye tangu 1885 alikuwa pia mtawala wa nchi yetu, iliyoitwa wakati huo Dola Huru ya Kongo. Wengi Ulaya walimsifu kwa huruma yake kwa Waafrika. Na kwa kuwa vita dhidi ya utumwa vilihitaji fedha, wajumbe walimruhusu kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Kongo, jambo ambalo mapatano ya Berlin yalikuwa yamemkataza. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 18 Julai, mtu mmoja aliketi penye Maporomoko ya Stanley, karibu na Boyoma, hapo tunapopaita leo Kisangani, akamwandikia mfalme huyo barua ya wazi. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo hili: kwamba serikali ya mfalme mwenyewe inafanya biashara ya watumwa.

Mwandishi huyo aliitwa George Washington Williams. Alikuwa Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka arobaini. Alikwenda vitani akiwa bado kijana mdogo, wakati Wamarekani walipopigana wao kwa wao juu ya utumwa. Baadaye akawa mchungaji wa Wabaptisti, mbunge katika jimbo la Ohio, na mtunzi wa kitabu kikubwa cha historia ya watu weusi wa Marekani. Mwaka 1889 alipokelewa na Leopold mjini Bruxelles, akatoka akiwa amevutiwa naye kabisa. Alidhani Kongo ingekuwa nchi ambamo Wamarekani weusi wangeweza kufanya kazi kwa heshima wasiyoipata kwao. Watu wa mfalme walijaribu kumshawishi asisafiri. Akasafiri.

Tofauti yake na wageni wengine waliopanda mto ule ni ndogo, lakini ndiyo iliyozaa kila kitu: aliwauliza Waafrika wenyewe. Mengine aliyaona kwa macho, mengine alisimuliwa, na yote akayapanga kama mwanasheria anavyopanga mashtaka mbele ya baraza. Machifu walinyang'anywa nchi kwa hila, kwa mikataba wasiyoifahamu na kwa sanduku za pombe. Askari wa vituo walijilisha kwa kupora vijiji. Wafungwa walifungwa minyororo ya shingoni iliyowachubua hata vidonda vikaoza. Serikali ililipa pauni 3 kwa kila mtumwa mwenye nguvu aliyefaa kuwa askari. Hospitali inayostahili jina hilo hakuiona. Mwishoni aliomba mataifa yaliyotia sahihi mapatano ya Berlin yaunde tume ya kuchunguza.

Sisi wa mashariki tuna sababu ya pekee ya kuisoma barua hii. Mwaka 1887 mfalme aliyejitangaza kuwa adui wa watumwa alimweka Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, kuwa liwali wake huko huko Maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa kila mwezi. Kila mtu kuanzia Nyangwe hadi Unguja alijua Tippu Tip alikuwa tajiri wa nini. Miaka mitano haikupita, Dola hiyo hiyo ikaanza kupigana na Waungwana wa Maniema, na Ulaya ikaambiwa kwamba hiyo ni vita vitakatifu dhidi ya utumwa. Vita vile vilimaliza utawala wa Waungwana, ni kweli. Kwamba viliwaweka huru watu wa Maniema ni habari nyingine, na wazee wetu waliobaki na jina la Bula Matari vinywani mwao hawakulitaja kwa furaha.

Barua ilichapwa kama kijitabu, na katika mwaka 1891 gazeti la New York Herald likaieneza Marekani. Hapo ndipo tunapaswa kutazama kwa makini namna magazeti yaliyoelemea upande wa mfalme yalivyojibu. Hayakuuliza kama minyororo ipo. Yaliuliza: huyu Williams ni nani? Nao walikuwa na la kushika, maana alijiita kanali katika jeshi la Marekani, na hakuwa kanali. Basi kwa wiki nyingi wasomaji wa Bruxelles walisoma habari za cheo cha Williams badala ya habari za shingo za wafungwa. Mwezi wa Juni jambo likafika Bungeni, serikali ikamtetea mfalme, na wakuu wa Dola ya Kongo wakatoa ripoti ndefu ya kujisafisha. Gazeti moja moja la upinzani lilimtetea. Tarehe 2 Agosti 1891 Williams akafa kwa ugonjwa katika mji wa Blackpool, Uingereza, njiani kurudi kwao, naye hakuwa na miaka arobaini na miwili. Maadui zake walipumua.

Simsafishi katika habari ya cheo. Mtu anayetaka kuishtaki serikali na asafishe kwanza mlango wa nyumba yake, kwa sababu hapo ndipo watakapoingilia. Lakini tuitazame tarehe. Alipoandika, mpira ulikuwa haujawa bado utajiri mkubwa. Matairi ya kujazwa upepo yalikuwa yametoka tu kubuniwa. Amri za kuufanya mpira wa msituni kuwa mali ya Dola zilikuja baada ya barua yake, na baada ya amri hizo zikaja nyumba za mateka, ambamo wanawake walifungiwa hata waume zao walete mpira, na kiboko, na mikono iliyokatwa. Kama tume ile aliyoiomba ingeundwa 1891, ingeyakuta maovu yakiwa bado machanga. Iliundwa 1904.

Katika miaka hiyo kumi na mitatu maneno yaliendelea kukusanyika polepole. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliona bandarini Anvers kwamba meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinakwenda zikiwa na bunduki na risasi. Akauliza wale watu wanalipwa nini kwa mpira wao, akapata jibu katika hesabu zenyewe. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, na ripoti yake ikatolewa 1904, ila serikali yake ilifuta majina ya watu na vijiji na kuweka herufi mahali pake. Mtu aliyekatwa mkono akawa herufi mbili tu. Mtetezi wa mfalme angeweza kusema basi: nionyesheni huyo mtu.

Na watetezi hawakuwa wa kujitolea tu. Leopold aliunda ofisi ya siri ya kushughulikia magazeti. Ililipa waandishi, ikachapa vitabu, ikatoa jarida la kila mwezi lililodai kueleza ukweli juu ya Kongo, nalo likawekwa katika mabehewa ya kulala ya treni za Ulaya, kampuni ambayo mfalme alikuwa na hisa zake. Msafiri alilala na kuamka akiwa na ukweli wa mfalme kando ya mto wake. Nadhani ofisi hiyo ilimtambua msomaji wa magazeti kuliko sisi tunavyojitambua: haikuhitaji aamini kwamba Kongo ni peponi. Ilitosha achoke, aseme pande zote mbili zinatia chumvi, ageuze ukurasa.

Tume ya 1904 ilikuwa na watu watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, waliochaguliwa na mfalme mwenyewe, na wengi walitazamia wampake chokaa. Hawakufanya hivyo. Walisikiliza mashahidi kwa miezi, na ripoti yao, ingawa ilijaa maneno ya upole, ilithibitisha sehemu kubwa ya yale yaliyokuwa yakisemwa. Lakini mwanzoni mwa Novemba 1905, kabla tu ya ripoti hiyo kutolewa, magazeti ya Uingereza yalipokea muhtasari wake kwa Kiingereza, uliotumwa na chama kilichojiita cha kimisionari cha Afrika Magharibi. Wahariri walifurahi kupata kazi iliyokwisha kufanywa, wakauchapa. Muhtasari ulikuwa wa kumsifu mfalme, na haukufanana na ripoti. Waandishi walipokitafuta chama hicho walifikishwa kwenye chumba kimoja chenye kibao kilichopakwa rangi juzi, ndani yake mlinzi peke yake. Ikagunduliwa baadaye kwamba karatasi zile zililetwa kutoka Ubelgiji na padri mmoja, ambaye kanisa lake lilikuwa limepewa na mfalme sadaka kubwa.

Hapa sisi Wakatoliki inatubidi tusome polepole. Sehemu kubwa ya magazeti ya Kikatoliki ya Ubelgiji ilikuwa upande wa mfalme. Hoja yao ilikuwa nyepesi na tamu: wanaolalamika ni wamisionari wa Kiprotestanti na wafanyabiashara wa Liverpool, basi ni njama dhidi ya Ubelgiji na dhidi ya Kanisa. Ni kweli kwamba wengi wa mashahidi wa Kizungu walikuwa Waprotestanti. Ila swali halikuwa dini ya aliyepiga picha. Lilikuwa mkono uliomo pichani. Tume yenyewe iligusa pia nyumba yetu, ikilaumu jinsi watoto walivyokusanywa na kuwekwa katika mashamba ya Wayezuiti huko Kwango. Tena tarehe 26 Mei 1906, miezi michache tu baada ya ripoti, Dola ya Kongo ilifanya mapatano na Vatikano, na kwa mapatano hayo misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi bure, hekta 100 au 200 kwa kila misheni, ili zifungue shule. Shule zilifunguliwa; baba zetu walisoma humo, na sisi baada yao. Sioni haya kushukuru. Ardhi ile, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe, na aliyeitoa ndiye aliyekuwa kizimbani.

Mwaka huo huo wa 1906, Myezuiti mmoja, Arthur Vermeersch, mwalimu wa elimu ya maadili huko Louvain, alichapisha kitabu juu ya suala la Kongo. Alianza akiwa na nia ya kuitetea misheni ya wenzake dhidi ya lawama za tume, lakini alipoisoma ripoti mpaka mwisho hakuweza kunyamaza juu ya mengine yaliyomo. Aliandika kwamba utawala ule hauwezi kutetewa mbele ya dhamiri ya Kikristo, na kwamba Mkatoliki anayeupinga haisaliti nchi yake. Hakuwa Mprotestanti wala mfanyabiashara wa Liverpool. Hoja ya njama ilipoteza nguvu mikononi mwa kasisi mmoja aliyesoma kurasa zote.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mwezi wa Agosti, kabla ya kuikabidhi, nyaraka za Dola zilichomwa moto katika tanuri za ofisi zake mjini Bruxelles. Moto uliwaka siku nane.

Yaliyosalia ni ushahidi waliopewa wale watu watatu wa tume. Ripoti yao haikuchapisha maneno ya shahidi hata mmoja. Wamisionari waliokuwapo walichapisha Uingereza sehemu waliyoisikia; maandishi yenyewe yalifungiwa katika hifadhi ya serikali. Katika miaka ya 1970 balozi mmoja wa Ubelgiji katika Afrika Magharibi, Jules Marchal, alisoma katika gazeti la Liberia kwamba mamilioni ya watu walikufa Kongo chini ya Leopold. Alichukizwa, akaiomba wizara yake imtumie habari za kukanusha. Hakuna kilichokuja. Akaanza kutafuta mwenyewe, na kwa miaka minane wizara aliyoitumikia ilimnyima ruhusa ya kuzisoma karatasi za tume. Zilifunguliwa katika miaka ya 1980. Kati ya waliozungumza mbele ya tume ile yumo Lontulu, chifu wa Bolima, katika nchi ya mpira ya kampuni ya ABIR. Alikuwa amepigwa kiboko, amewekwa mateka, amefanyishwa kazi akiwa na mnyororo. Hakuleta maandishi. Alileta vijiti 110, akavilaza mezani katika mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akakishika kimoja kimoja, na kwa kila kijiti akataja jina la aliyeuawa.