Jinsi wapanda farasi wa Marekani walivyojipanga kulinda njia zao katika mbuga na misitu ya umma

KATIKA milima ya magharibi mwa Marekani, zipo njia nyembamba za udongo ambazo msafiri anaweza kuzifuata kwa siku kadhaa bila kukutana na barabara ya lami. Gari haliruhusiwi huko, wala pikipiki, wala hata baiskeli. Farasi, hata hivyo, huruhusiwa.

Ruhusa hiyo haijawahi kuwa salama kabisa. Kwa zaidi ya miaka 50 sasa, wapanda farasi wa nchi hiyo wamelazimika kuunda vyama, kuwashawishi wabunge, na zaidi ya yote kushika shoka na msumeno, ili njia hizo zisiwaponyoke. Makala haya yanaeleza chanzo cha mvutano huo, hoja za kila upande, na mbinu iliyowafaa wapanda farasi kuliko nyinginezo.

Mbuga zilizolindwa kwa farasi

Wapanda farasi hupenda kukumbusha kwamba mbuga za kitaifa za Marekani zililelewa na farasi. Mbuga za Sequoia na Yosemite, zilizoko jimbo la California, zilitengwa mwaka wa 1890, lakini wakati huo hapakuwa na shirika lolote la kuzisimamia. Kuanzia 1891, kazi hiyo iliachiwa wanajeshi wa farasi.

Mwaka wa 1903, msimamizi wa Sequoia alikuwa Kapteni Charles Young, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka wa 1864. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kusimamia mbuga ya kitaifa nchini humo. Chini ya uongozi wake, askari weusi walikamilisha barabara iliyowezesha magari ya kukokotwa na farasi kufika katika msitu wa miti mikubwa uitwao Giant Forest.

Mwaka wa 1915, Stephen Mather aliwaalika watu mashuhuri, akiwemo mbunge na wahariri, katika safari ya milima ya Sierra Nevada. Walisafiri wakisaidiwa na farasi na baghala, yaani wanyama wazaliwao na punda na farasi. Nia yake ilikuwa kuwashawishi waunge mkono kuundwa kwa shirika la kusimamia mbuga. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani liliunda Shirika la Mbuga za Kitaifa, na Mather akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Sheria ya 1964

Septemba 1964, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyotenga maeneo ya pori asilia yapatayo ekari milioni 9.1. Leo maeneo hayo yamepita ekari milioni 111. Sheria hiyo inapiga marufuku magari, mitambo ya injini na vyombo vingine vya usafiri vyenye mashine ndani ya maeneo hayo.

Farasi hawakupigwa marufuku. Hata hivyo, sheria haikusema popote kwamba mtu ana haki ya kuingia na farasi kila mahali na kila wakati. Maafisa wanaosimamia ardhi walibaki na mamlaka ya kuweka masharti, kupunguza idadi ya wanyama, au kufunga njia fulani kabisa. Hapo ndipo mvutano ulipoanzia.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani wengi walianza kuzuru milima kwa miguu, wakiwa wamebeba mizigo mgongoni. Njia zilizokuwa na wasafiri wachache zikajaa watu. Watembeaji walipolalamika kuhusu uharibifu, macho ya maafisa yaliwaelekea farasi.

Chama cha Montana

Mwaka wa 1973, wapanda farasi wachache wa bonde la Flathead, kaskazini magharibi mwa jimbo la Montana, waliamua kuungana. Karibu nao kuna pori kubwa la Bob Marshall, ambako watu walikuwa wamezoea kuingia na farasi wa mizigo kwa miaka mingi. Walihofia kwamba masharti mapya yangewafungia nje hatua kwa hatua.

Kundi hilo ndilo chimbuko la chama cha Back Country Horsemen of America, ambacho sasa kina matawi katika majimbo mengi. Lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuhakikisha ardhi ya umma inabaki wazi kwa wapanda farasi. Lakini waasisi wake walitambua mapema kwamba malalamiko peke yake hayangewafikisha mbali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hivyo, chama kilijitwika majukumu mengine mawili: kuwafunza wanachama wake kusafiri bila kuharibu, na kujitolea kukarabati njia bila malipo.

Hoja za watembea kwa miguu

Ni haki kueleza kwamba malalamiko ya watembeaji hayakuwa ya chuki tu. Farasi mmoja anaweza kuwa na uzito wa kilo 450 au zaidi. Kwato zake huchimba udongo uliolowa na kugeuza njia kuwa tope. Akifungwa kwenye mti usiku kucha, huparua ardhi na kuanika mizizi. Wanyama wakilishwa kwa muda mrefu katika bonde moja, nyasi huchelewa kuota tena. Aidha, samadi yao inaweza kubeba mbegu za magugu ya kigeni.

Kwa kila lawama, wapanda farasi walitafuta jibu la vitendo. Badala ya kumfunga mnyama kwenye shina la mti, hutandaza kamba juu kati ya miti miwili, wakitumia mikanda mipana isiyokwaruza gamba, kisha humfunga kwenye kamba hiyo. Kambi na wanyama huwekwa takriban mita 60 kutoka kwenye maji. Na katika maeneo mengi ya umma, nyasi kavu zinazobebwa kwa ajili ya farasi ni lazima ziwe zimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu.

Kesi ya Sequoia na Kings Canyon

Mtihani mkubwa ulikuja California. Mwaka wa 2009, chama kimoja cha watembea milimani kilishtaki serikali kikidai kuwa wasimamizi wa mbuga za Sequoia na Kings Canyon walikuwa wameruhusu biashara ya farasi wa kukodishwa bila kuchunguza ipasavyo kama inahitajika. Sheria ya 1964 inaruhusu biashara kama hiyo katika pori kwa kiasi kinachohitajika tu.

Januari 2012, mahakama iliamua kwamba sheria ilikuwa imekiukwa. Vibali vya msimu wa kiangazi vikawa hatarini, na pamoja navyo riziki ya wenye farasi na fursa ya wazee na walemavu wasioweza kupanda milima hiyo kwa miguu.

Wapanda farasi walikimbilia Bunge. Juni 5, 2012, Rais Barack Obama alitia saini sheria fupi iliyowezesha vibali hivyo kuendelea kutolewa huku mpango mpya wa usimamizi ukiandaliwa. Mpango huo ulikamilika 2015. Farasi walibaki, ila chini ya masharti. Kila upande ulipata sehemu ya ulichotaka.

Njia inayokufa bila marufuku

Pamoja na hayo, adui mkubwa wa mpanda farasi si mahakama. Mnamo 2013, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti kuwa ni robo moja tu ya njia za Idara ya Misitu, ambazo urefu wake ni takriban kilomita 254,000, iliyofikia viwango vya idara hiyo. Ukarabati uliokuwa umeahirishwa ulikadiriwa kugharimu dola milioni 314.

Mti ulioanguka njiani, mtembeaji huuruka au kuupita chini. Farasi mwenye mzigo hawezi. Miti 10 ikianguka bila kuondolewa, njia hiyo imefungwa kwake hata kama hakuna afisa aliyeweka kibao cha kumzuia.

Hapa ndipo kazi ya kujitolea inapoonyesha thamani yake. Kwa kuwa misumeno ya injini kwa kawaida hairuhusiwi katika pori asilia, miti hukatwa kwa msumeno mrefu unaovutwa na watu wawili. Vifaa, chakula na mbao za madaraja hubebwa na farasi na baghala. Bila wanyama hao, hata njia za watembeaji zingekuwa vigumu kutunzwa. Haishangazi, basi, kwamba wapanda farasi na watetezi wa mazingira waliunga mkono pamoja sheria iliyotiwa saini Novemba 2016 ya kuongeza mchango wa wanaojitolea katika ukarabati wa njia za misitu.

Mfano wa kinyume uko jijini New York. Bustani ya Central Park ina njia ya farasi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 6. Zizi la Claremont, lililojengwa karibu na bustani hiyo mwaka wa 1892 na kukodisha farasi kwa wakazi, lilifungwa Aprili 2007 kwa sababu za gharama na msongamano wa watu katika njia hiyo. Hakuna aliyepiga farasi marufuku. Njia ingalipo, lakini waitumiao zaidi ni wakimbiaji na watembea kwa miguu.

Tofauti kati ya Montana na New York ndiyo funzo la historia hii. Sheria inaweza kumruhusu mtu kupita, lakini haiwezi kumfyekea njia. Wapanda farasi wa milimani wamedumu kwa sababu, kila theluji inapoyeyuka, wao ni miongoni mwa wa kwanza kuingia msituni na misumeno yao, na mtembeaji anayekuja nyuma yao hupita njia ileile.