Matofali yasiyochomwa yanavyoweza kunusuru miti Migori na Homa Bay

Nyumba nyingi za kudumu katika kaunti za Migori na Homa Bay hujengwa kwa tofali la kuchomwa. Udongo hufinyangwa katika kalibu, hukaushwa juani, kisha hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni kwa siku kadhaa. Mwenye nyumba huhesabu bei ya tofali. Miti iliyoteketea na gesi ya kaboni iliyopaa haviingii katika hesabu hiyo.

Kukimbilia matofali ya saruji tupu si dawa. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika joto la takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya kaboni inayotoka kiwandani hutokana na jiwe lenyewe linapovunjika, wala si moto unaolichoma. Ndiyo maana saruji huchangia takriban asilimia 8 ya gesi hiyo inayotolewa na binadamu duniani. Isitoshe, mfuko unaotoka Athi River husafirishwa kwa lori la dizeli karibu kilomita 400 kabla ya kufika Migori.

Njia iliyo nafuu ni tofali la udongo ulioshindiliwa. Udongo mwekundu huchanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kwa mashine ya mkono, na moto hautumiki kabisa. Matofali yenyewe hushikana kwa meno, hivyo mota inayohitajika ni haba.

Kazi hii, hata hivyo, huharibiwa na haraka. Kwanza udongo upimwe: hujazwa ukiwa majimaji katika boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, ukaachwa kivulini kwa juma moja. Kadiri unavyosinyaa na kuacha pengo pana, ndivyo saruji inavyohitajika zaidi. Udongo mzuri hutosheka na sehemu 1 ya saruji kwa 16 au 18 za udongo. Matofali yakishatoka mashinani hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku 7, na huachwa yakomae hadi siku ya 28. Fundi anayeruka hatua hizi hulazimika kuongeza saruji, na faida yote ikapotea.

Udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, haufai kwa saruji kidogo namna hiyo. Chokaa huutuliza vyema zaidi, ingawa aghalabu ni rahisi kuleta udongo mwekundu kutoka mlimani.

Kwa wasioweza kuacha tanuri, matofali yakauke barabara kabla ya kuwashwa moto, kwani tofali bichi hula kuni kukausha maji tu. Kuta za nje za tanuri zikandikwe matope, na maganda ya mpunga yachukue nafasi ya sehemu ya kuni.

Pale penye mawe, hata tofali si lazima. Huko Thimlich Ohinga, Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila mota yoyote zingali zimesimama tangu takriban karne ya 16, baadhi zikifikia kimo cha mita 4.5. Unesco iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nyumba ya leo, ambayo ina madirisha na paa la mabati, itahitaji saruji katika msingi na linta. Kuta zake ndizo zinazoweza kuipunguza.