Daktari wa Swila na Chanjo ya Watoto

Akina mama wanaopeleka watoto wachanga kliniki waijua chanjo ya BCG, ile iachayo kovu dogo mkononi. Herufi C ni ya Albert Calmette, Mfaransa aliyezaliwa Nice mwaka 1863. Leo twataka kumfuata, maana safari yake ilipitia kwa nyoka. Nyoka wa shaba wa Musa twamfahamu. Hawa walikuwa na meno.

Mwaka 1891 Calmette alikuwa Saigon, Vietnam, akitengeneza chanjo ya ndui na ya kichaa cha mbwa. Mafuriko yakawafukuza swila mashimoni karibu na Bac Lieu, wakaingia kijijini na kuuma watu wapatao 40. Baadhi ya nyoka hao waliletwa kwa daktari ndani ya pipa, wazima. Naye akaanza kuwadunga wanyama sumu kidogo kidogo, akiongeza kipimo, mpaka wakaistahimili ile ambayo ingewaua. Kisha maji ya damu yao yakawaokoa wanyama wengine. Alitangaza hayo mwaka 1894. Wafaransa wengine wawili, Phisalix na Bertrand, walitangaza jambo lilo hilo mwaka huo huo, na haki yao tusiwanyime.

Baadaye, mjini Lille, yeye na Camille Guérin, daktari wa mifugo, walichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakakiotesha juu ya viazi vilivyotiwa nyongo ya ng'ombe. Wakakihamisha mara 230, miaka 13, hata kikapoteza ukali wake. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921, huko Paris. Mamaye alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Mwaka 1930 yakatokea maafa Lübeck, Ujerumani: watoto zaidi ya 70 walikufa, kwa kuwa chanjo ilichanganyika na vijidudu vikali katika maabara ya huko.

Mwaka 1933, mwaka aliokufa, Calmette na wenzake walichapisha habari za kujaribu sumu ya swila juu ya saratani ya panya. Lakini sumu haichagui. Huharibu chembe mbovu na chembe nzima pamoja. Wataalamu wangali wakichunguza sumu za nyoka, nyuki na nge, kama zaweza kuziamsha chembe nyeupe za damu zipigane na saratani. Anayewauzieni chupa ya sumu leo kama dawa ya saratani, msimpe hata senti.

Kazi hiyo ilifanywa na ile chanjo. Mwaka 1976, huko Kanada, Alvaro Morales na wenzake walieleza habari za wagonjwa 9 wa saratani ya kibofu cha mkojo waliotiwa BCG kibofuni. Vijidudu hivyo dhaifu huwasha ngozi ya ndani ya kibofu, chembe nyeupe zikaja kwa wingi, nazo zikaishambulia saratani pia. Madaktari waitumia hata sasa, kwa saratani isiyozama katika msuli: hupitishwa kwa mpira mwembamba mara moja kwa juma, majuma sita, mgonjwa akakaa nayo kama saa mbili kabla ya kwenda haja.