Kufuli moja kubwa: Linux ilivyojifunza foleni bila kusahau mashine ndogo

Leo tuongee historia ya kitu tunachobeba mfukoni. Simu za Android na ruta nyingi za wifi zina kiini kinachoitwa Linux. Kiini ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kazi: programu ipi ipate prosesa, ipi isubiri.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini, alianza kuiandika Linux kwenye kompyuta yake yenye prosesa moja tu, Intel 386. Moja, lakini msifikiri haina hatari. Kiini kiko katikati ya kuandika hesabu fulani, mara kadi ya mtandao inapiga kengele: data imefika! Prosesa inaacha kazi, inakimbilia kengele, na ikigusa hesabu ileile huko, inaharibika. Dawa ni rahisi: zima kengele kidogo, maliza, washa tena.

Shida kubwa ikaja na mashine zenye prosesa mbili na zaidi, maana kuzima kengele yako hakumzuii jirani. Linux 2.0 ya mwaka 1996 ikaweka kufuli moja kubwa kwa kiini chote. Ni kama kituo cha maji chenye mabomba sita na ufunguo mmoja: mwenye ufunguo anachota, wengine wanapanga ndoo na kungoja. Salama, ila polepole. Basi wakaanza kulivunja, kila sehemu ipate kufuli lake dogo. Ilichukua miaka 15 hivi. Arnd Bergmann ndiye aliyesukuma hatua za mwisho, na kufuli kubwa likaondoka kwenye Linux 2.6.39, Mei 2011.

Sasa sikilizeni hapa. Mengi ya makufuli madogo yanaifanya prosesa izunguke palepale ikiuliza "tayari?" mpaka mwenzake amalize. Kwenye prosesa moja, unamngoja nani? Aliyeshika kufuli hawezi kumaliza, kwa sababu wewe ndiye umekalia prosesa! Kwa hiyo waliandika hivi: kiini kikijengwa kwa mashine ya prosesa moja, kule kuzunguka kunafutika kabisa. Kinabaki tu kile kinachohitajika, kama kuzima kengele au kukataa kupokonywa zamu. Msimbo ni uleule, lakini ruta ndogo hailipi gharama ya seva kubwa.

Mwaka 2025 Ingo Molnar alipendekeza sehemu ya kupanga zamu iandikwe siku zote kana kwamba prosesa ni nyingi. Sababu yake ina maana: mashine nyingi za leo ziko hivyo, na kutunza njia mbili ni kazi mara mbili. Mashine ndogo itaendelea kufanya kazi, ila itabeba mzigo kidogo usio wake.

Sisi hatusemi amekosea. Tunasema mdogo alipata nafasi kwa sababu kuna watu walimwandikia, wakajaribu, wakamtetea kwa hoja. Msimbo wa Linux uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Wenye mashine za zamani ni sisi. Tusipojifunza kuusoma, tutamlaumu nani siku tukisahauliwa?