Nyasi na Magugu: Historia ya Uwanja Mbele ya Nyumba

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii, msomaji, umeisikia mara nyingi, na pengine umeitumia katika insha zako. Lakini yamkini hujapata kusimama ukauliza nyasi zenyewe zina habari gani, na kwa nini katika uwanja mmoja hupandwa kwa jasho, na katika uwanja wa pili hung'olewa kwa jasho lile lile. Nakuomba tulifuate swali hili pamoja. Ndani yake mna historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na mna funzo limfaalo kila mtu mwenye ua wa kutunza au shamba la kupalilia.

Kiwanja cha nyasi fupi mbele ya nyumba si desturi ya kale katika nchi yetu. Mama zetu walipenda uwanja uliofagiwa mpaka udongo ukawa laini kama sakafu. Nyasi ndefu karibu na mlango zilihesabiwa kuwa uvivu wa mwenye nyumba na maficho ya nyoka. Desturi ya kutunza nyasi kwa ajili ya kuzitazama tu ilikua Ulaya, katika majumba ya wafalme na matajiri. Katika karne ya 17, Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alitengenezewa bustani za Versailles, na ndani yake ukawekwa ukanda mrefu wa nyasi ambao Wafaransa waliuita zulia la kijani. Mabwana wa Uingereza nao wakapenda viwanja vya namna hiyo, na mvua za nchi yao, ambazo hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, zikawasaidia.

Walakini uzuri huo ulikuwa na gharama. Nyasi zilikatwa kwa miundu mirefu yenye makali, na wakataji waliamka alfajiri, umande ungaliko, kwa sababu jani lenye umande hukatika vyema kuliko jani lililokauka. Kwingine waliachiwa kondoo wakazila. Basi mtu aliyekuwa na uwanja mpana wa nyasi alikuwa kama mtu atangazaye kwa baragumu: ninayo ardhi nisiyoihitaji kwa chakula, na ninao watu wa kuikata. Maskini hakuweza kutamka maneno hayo. Ardhi yake ndogo ilikuwa ya viazi na kabichi.

Aliyegeuza mambo alikuwa fundi mmoja wa Uingereza, jina lake Edwin Budding, mkazi wa Thrupp karibu na mji wa Stroud. Katika viwanda vya nguo vya sehemu ile palikuwa na mashine ya kunyoa vinyweleo vilivyosimama juu ya kitambaa cha sufu, ili kitambaa kiwe laini. Budding aliitazama mashine ile akafikiri: ikiwa visu vizungukavyo vyaweza kunyoa kitambaa, kwa nini visinyoe uwanja? Mwaka wa 1830 alipewa hataza ya mashine yake ya kukatia nyasi. Baadaye zilitengenezwa mashine kubwa za kuvutwa na farasi, na farasi wakavishwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisiharibu uwanja. Polepole uwanja wa nyasi ukatoka mikononi mwa mabwana, ukafika kwa karani, kwa fundi na kwa mwalimu.

Sasa angalia jinsi chombo kinavyoweza kubadili hata maana ya neno. Zamani, Waingereza na Wamarekani wengi walipopanda nyasi za nyumbani, walichanganya mbegu zake na mbegu za klova, mmea mdogo wenye vijani vitatu vitatu. Klova ilipendwa, kwa maana hubakia kijani, nyuki huifuata, na mizizi yake huirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanasayansi wa Uingereza na Marekani waligundua dawa iitwayo 2,4-D, nayo ikaanza kuuzwa baada ya vita. Dawa hii huua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi zikiwa hai. Wenye nyumba walifurahi. Wakanyunyiza, magugu yakafa. Lakini klova nayo ina majani mapana, ikafa pamoja na magugu. Je, watu waliilaumu dawa? La. Taratibu klova yenyewe ikaanza kuhesabiwa katika orodha ya magugu. Mmea haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni chombo kilichokuwa mkononi mwa mwenye uwanja. Na baada ya klova kuondoka, ilibidi mbolea inunuliwe dukani ili kufanya kazi ambayo klova iliifanya bure.

Tuje sasa kwetu Kenya. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, na serikali ya kikoloni ikajenga nyumba za maofisa wake, viwanja vya nyasi vilifuata. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906. Mikono iliyopanda nyasi, iliyozimwagilia maji na kuzifyeka ilikuwa ya Waafrika; lakini katika vilabu vya wazungu vya zama zile, Mwafrika aliingia na fyekeo au sinia, hakuingia kukaa. Hivyo katika uwanja ule ule magugu yaling'olewa, na watu nao walichaguliwa nani akae na nani aondoke. Hukumu ya kwanza ilihusu mimea, na ya pili ilihusu binadamu. Lakini aliyehukumu alikuwa mmoja, naye alidhani kwamba kila asichokipenda yeye hakina haki ya kuwapo. Ni vyema tulikumbuke jambo hilo tunapokaa leo kwenye nyasi za bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka wa 1969 kwa ajili ya wananchi wote.

Na nyasi zenyewe je? Hapa, msomaji, pana jambo la kutufurahisha. Moja ya nyasi zilizoenea sana katika viwanja vya dunia ilitoka katika milima yetu. Ni ile inayoitwa nyasi ya Kikuyu, kwa jina la watu wa nyanda za juu ambako ilionekana kwa wingi. Hustawi penye baridi na mvua, kama vile Limuru na Molo. Wanasayansi waliipa jina la Kilatini lenye maana ya kitu kilichofichika, kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya majani hata usiyaone. Hutambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi pia, na kila kifundo cha shina lake chaweza kutoa mizizi mipya.

Nyasi hii ilisafiri. Ilipelekwa Afrika Kusini, na mwaka wa 1919 mbegu zake zilifika Australia kutoka Kongo. Katika nchi hizo ikawa malisho mema ya ng'ombe na zulia la nyumba nyingi. Karibu na wakati huo huo ilipelekwa California ili izuie mmomonyoko wa udongo kando ya mifereji. Ikaushika udongo kama ilivyotakiwa, kisha ikaendelea kwenda isikotakiwa. Leo serikali ya Marekani imeiandika katika orodha ya magugu mabaya. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, klabu ya gofu ya Riviera mjini Los Angeles huitunza kwa uangalifu mkubwa, na wachezaji mashuhuri huikanyaga kila mwaka. Nyasi ni moja. Mmoja huiita zulia, jirani yake huiita adui.

Niliyajua mambo haya nyumbani kwetu kabla sijayasoma katika kitabu chochote. Baba yangu alipanda nyasi ya Kikuyu mbele ya nyumba, akaipenda kama mtoto. Kando yake mama alikuwa na shamba la maharagwe na sukuma wiki. Haukupita mwaka, nyasi ikavuka. Mama alipalilia Jumatatu, Ijumaa akaikuta imerudi. Siku moja aliweka jembe chini akasema, "Baba watoto, zulia lako halijui mpaka. Ama ulifunge, ama tule hilo zulia." Baba hakujibu; lakini Jumamosi iliyofuata alinikabidhi jembe, tukachimba mfereji mwembamba kati ya uwanja na shamba. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kila likizo ilikuwa kuusafisha mfereji ule na kukata kila shina lililotaka kuvuka. Niliichukia kazi hiyo kwa moyo wangu wote.

Mwaka wa 2000 ukame ulikuja. Mahindi yalinyauka, na majani ya ng'ombe yakapungua kando ya barabara. Uwanja wa baba ulififia, lakini mizizi yake mirefu iliendelea kutafuta maji, na jani halikuisha. Mama alimwendea baba jioni akamwambia kwa upole, "Leo nimekuja kuomba lile gugu langu." Baba akacheka, akaenda mwenyewe kuchukua fyekeo. Miezi ile ng'ombe wetu alikula uwanja wa baba, nasi tukapata maziwa ya chai. Mvua iliporudi, nyasi ilichipuka tena. Na mfereji wangu ukabaki pale pale, kwa maana mama hakusahau maharagwe yake.

Basi, kama unao uwanja nyumbani au shuleni, utunze kwa akili zaidi kuliko kwa nguvu. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja, kwa kuwa nyasi iliyonyolewa mno hudhoofika, na mwanga ukifika udongoni huziamsha mbegu za magugu zilizolala. Ng'oa magugu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, nawe uyatoe na mizizi. Kishona nguo king'oe kabla hakijatoa mbegu, la sivyo utazibeba wewe mwenyewe katika suruali yako mpaka uwanja wa jirani. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi. Ukivuta majani tu utakuwa umeipogoa, hujaing'oa. Palipo na kipara panda nyasi upesi, kwa sababu ardhi haikubali kukaa uchi. Usipochagua wewe cha kuivika, itajichagulia. Na kati ya uwanja na shamba chimba mfereji, usiache kuusafisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini kabla hujainama kung'oa, kwanza uujue mmea ulio mbele yako. Uulize jina lake, kazi yake, na umetoka wapi. Gugu si jina ambalo mmea ulizaliwa nalo. Ni hukumu aliyoitoa mtu, mahali fulani, kwa haja yake ya siku ile. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki, maana mama yangu hakukosea hata kidogo kuyalinda maharagwe yake. Yaweza pia kuwa ya haraka, kama ile iliyoifukuza klova. Mwenye hekima hupalilia, tena hupalilia kwa bidii. Lakini hukumbuka kwamba alichokitupa nje ya ua leo, huenda kesho akakifuata na kamba na fyekeo, akikiomba kwa upole.