Fomula ya Mabaharia Ndani ya Kompyuta: Kutoka Nairobi Hadi London

Ukiandika programu ya kukadiria umbali wa angani kati ya Nairobi na London, itakupa kama kilomita 6,840. Leo, wapendwa wasomaji, tujiulize hesabu hiyo ilitoka wapi. Ilitoka baharini, kabla ya ndege kuwako.

Dunia ni mviringo, kwa hivyo njia fupi kati ya miji miwili ni tao, si mstari wa rula kwenye ramani. Mabaharia walilijua hilo, na fomula ya kosini walikuwa nayo. Taabu ilikuwa kuzidisha namba ndefu kwa mkono, meli ikiyumba. Waliokolewa na majedwali ya logi (wale mliosoma sekondari mnayakumbuka), ambayo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Lakini kosini inaweza kuwa hasi, na namba hasi haina logi ya kutafuta jedwalini.

Ndipo ikaja haversini: gawa pembe kwa mbili, tafuta sini yake, kisha uizidishe kwa yenyewe. Jibu halishuki kamwe chini ya sifuri. Jina hilo lilitiwa kitabuni na Mwingereza James Inman mwaka 1835, katika kitabu chake cha uanamaji.

Kompyuta zilipoingia, majedwali yaliwekwa kando. Waandishi wengi wa programu walirudia kosini kwa kuwa ni fupi. Shida mpya ikazuka. Chukua vituo viwili vya matatu vilivyo umbali wa kilomita moja. Kosini ya pembe kati yao ni takriban 0.999999988. Kompyuta inayohifadhi tarakimu saba hivi huiandika kuwa 1, na jibu la umbali linakuwa sifuri! Hisabati ni sahihi, lakini abiria hajasogea hata hatua.

Mwaka 1984, Roger Sinnott aliandika katika jarida la Sky & Telescope akiitetea haversini. Kwa vituo vile vile, haversini ni namba ndogo sana iliyo karibu na sifuri, na kompyuta huhifadhi namba ndogo kama hiyo bila kupoteza tarakimu zake. Ndiyo maana hadi leo fomula hii imejaa katika programu za ramani.

Na muda wa safari? Gawa 6,840 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, upate saa 7 na dakika 36. Safari halisi huchukua kama saa 8 na nusu au zaidi, kwani ndege hupanda na kushuka polepole, hukutana na upepo, na hufuata njia za anga zilizopangwa. Hayo haversini haiyajui.

Basi dawa iliyotengenezewa majedwali ya karatasi ndiyo iliyotibu ugonjwa wa kompyuta. Kabla hujaifuta fomula ya kizamani kwenye programu yako, uliza kwanza iliwekwa kwa nini.